Je, Simba awe dume la mbegu? Uchambuzi wa kisa kimoja kutoka Kiambu

Jumatatu moja asubuhi, mwalimu mstaafu anayeishi karibu na Limuru alinipigia simu kuniuliza swali alilodhani lingejibiwa kwa neno moja. Mbwa wake Simba, dume wa German Shepherd mwenye umri wa miezi 20, alikuwa ametakiwa na mfugaji wa Thika ampande jike wake, ambaye alikuwa katika siku ya tano ya joto, yaani kipindi ambacho jike huweza kushika mimba. Ada iliyotajwa ilikuwa shilingi 25,000, zitumwe kwa M-Pesa siku hiyohiyo ya kupandisha, au, kama Mwalimu angependelea, mtoto mmoja atakayemchagua mwenyewe kabla ya wengine kuuzwa. "Daktari, binti yangu," aliniambia, "nataka tu kujua kama Jumamosi si mapema mno."

Yeye aliuliza kuhusu siku. Mimi nilimwomba kwanza aniache niangalie jambo linalotangulia siku, yaani kama mbwa huyo anafaa kuzalishwa hata kidogo, na Mwalimu, ambaye amewafundisha watoto hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, alikubali kwamba swali la pili halijibiwi kabla ya la kwanza. Nimekiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, kwa sababu maombi ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara hunifikia yakiwa yamechelewa kwa siku tano.

Simba, kama anavyoitwa nyumbani, alinunuliwa akiwa na wiki tisa kutoka kwa mfugaji aliyeandikishwa, na cheti chake cha nasaba kimetolewa na East Africa Kennel Club. Ni mbwa wa kupendeza kweli: rangi yake ni nyeusi na hudhurungi iliyokolea, kifua kimejaa, mwendo wake ni mrefu na mwepesi. Miezi michache kabla ya simu ile Mwalimu alimpeleka kwenye maonyesho katika uwanja wa Jamhuri Park jijini Nairobi, akashika nafasi ya pili katika kundi la rika lake. Picha ya siku hiyo ndiyo iliyozunguka kwenye simu za watu hadi ikamfikia yule mfugaji wa Thika. Tuzo ile ilikuwa halali, lakini ni lazima tuelewe inasema nini. Jaji humtazama mbwa akitembea, hupapasa mwili wake, huangalia meno yake, hupima umbo lake dhidi ya kiwango cha aina yake. Haoni ndani ya kiungo cha nyonga, hasomi jeni, wala hajui baba wa mbwa huyo alikufa kwa ugonjwa gani. Anayetaka kumzalisha mbwa anahitaji hayo yote matatu kuliko anavyohitaji utepe.

Kabla sijaeleza tulichokikuta, niseme kwa nini ninalichukulia jambo la dume kwa uzito kuliko la jike, ingawa watu wengi hudhani kinyume chake kwa kuwa jike ndiye anayebeba mimba na kulea. Jike ana mpaka wake wa kimaumbile. Huingia kwenye joto takribani kila miezi sita au saba, na hata mwenye tamaa kubwa hawezi kumpatia uzao zaidi ya mmoja kwa kila joto. Dume hana mpaka huo. Akishapata jina, anaweza kuwa baba wa watoto wengi kwa mwaka mmoja kuliko jike bora atakaowazaa maisha yake yote, na chochote alichobeba bila kuonekana kinasambaa kwa kasi hiyohiyo.

Historia ya German Shepherd wenyewe inatoa ushahidi. Chama cha kwanza cha aina hii kilianzishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, mtu aliyesisitiza kwamba kazi na akili vitangulie uzuri, na mbwa wa kwanza kuandikwa katika daftari la chama hicho alikuwa dume mmoja, Horand von Grafrath. Tangu mwanzo, basi, aina hii imejengwa juu ya migongo ya madume wachache. Miongo kadhaa baadaye akatokea dume mwingine, Canto von der Wienerau, aliyezaliwa mwaka 1968, aliyetumiwa sana kwa sababu ya umbo lake, naye alikuwa na hemofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda. Kwa kuwa jeni ya ugonjwa huo imo kwenye kromosomu ya X, dume mgonjwa hampi mwanawe wa kiume, lakini humpa kila binti bila kumruka hata mmoja. Mabinti hao huonekana wazima kabisa. Kila mmoja wao akizaa, kila mtoto wake wa kiume ana nusu ya uwezekano wa kuwa mgonjwa. Hivyo mtu aliyemtazama Canto na mabinti zake asingeona kosa lolote. Kosa lilijitokeza kwa wajukuu, wakati mbegu zilikuwa zimekwisha kutawanyika. Nilimweleza Mwalimu habari hizi jioni ile, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza tuanzie wapi.

Tulianzia kwenye karatasi, kwa sababu karatasi hazina gharama. Nilimwomba yule mfugaji wa Thika, kupitia kwa Mwalimu, atume picha ya cheti cha jike wake, na baada ya kusitasita akaituma. Tuliviweka vyeti viwili kando kando mezani, Mwalimu akavaa miwani, akaanza kufuata majina kwa kalamu ya risasi kama anavyosahihisha insha. Kalamu ilisimama kwenye kizazi cha pili upande wa mama yake Simba. Babu wa Simba mzaa mama, dume aliyeletwa nchini kutoka nje na aliyezalishwa sana kwa miaka kadhaa, ndiye aliyekuwa baba mzazi wa jike yule.

"Kwa hiyo huyu," alisema Mwalimu akigonga jina la jike, "ni mama mdogo wake."

Ndivyo ilivyokuwa: mama yake Simba na jike wa Thika walichangia baba, na Simba alikuwa anaombwa ampande mama yake mdogo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekokotoa ukaribu wa damu ambao watoto wangezaliwa nao, baada ya mimi kumwonyesha kanuni. Kutoka kwa Simba hadi kwa mzee huyo ni hatua mbili, kutoka kwa jike ni hatua moja, unaongeza moja, zinakuwa nne. Nusu ikizidishwa yenyewe mara nne ni moja ya kumi na sita, yaani asilimia 6.25. Hicho ni kiasi kilekile wanachokuwa nacho watoto wa binamu wawili wa damu waliooana. Kuna wafugaji wa German Shepherd, hapa na ng'ambo, watakaosema kwamba asilimia 6.25 si kitu, na kwamba aina hii imejengwa kwa kuwakaribisha jamaa ili kuthibitisha umbo. Sikubaliani nao katika mazingira yetu. Idadi ya madume wanaoingizwa nchini ni ndogo, kila anayeingia hugombaniwa, na asilimia hiyo imehesabiwa kwa vizazi vichache tu vilivyo kwenye cheti. Nyuma ya vizazi hivyo majina huanza kujirudia, na kiasi halisi hupanda.

Kulikuwa na jambo la pili kwenye cheti cha jike ambalo Mwalimu hakuliona na mimi nililiona. Tarehe yake ya kuzaliwa ilionyesha kwamba alikuwa na miaka miwili na miezi saba, na mfugaji alikuwa amejigamba kwenye ujumbe wake kwamba huu ungekuwa uzao wa tatu. Maana yake ni kwamba huenda jike huyo hakuwahi kupumzishwa hata joto moja tangu alipoanza kuzaa. Kabla hatujampima Simba chochote, nilikuwa tayari na sababu mbili za kukataa ombi hilo, lakini sikuzisema zote mara moja, kwa kuwa swali la Mwalimu lilikuwa limekwisha kupanuka. Sasa alitaka kujua kama Simba anafaa kwa jike yeyote.

Mwili wake ulikuwa na majibu mazuri kwa jumla. Korodani zote mbili zilikuwa zimeshuka na zinalingana kwa ukubwa, jambo ambalo ni la lazima, kwa kuwa dume ambaye moja imebaki tumboni hurithisha kasoro hiyo na hapaswi kuzalishwa hata kama mbegu zake zinatunga mimba. Meno yalikuwa kamili na yanakutana vizuri. Moyo ulisikika safi.

Nyonga ndizo zilizonipa wasiwasi, si kwa sababu nilikuwa nimeona kasoro, bali kwa sababu German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na kulegea kwa kiungo cha nyonga, hali ambayo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya kikombe chake na hatimaye kiungo husagika. Wajerumani walianza kuwapa mbwa wao muhuri wa nyonga tangu miaka ya 1960, na Wamarekani wakaanzisha taasisi yao ya kusajili matokeo ya nyonga mwaka 1966, kwa hiyo hatuzungumzii jambo jipya. Mbwa mwenye nyonga mbaya anaweza kukimbia vizuri akiwa kijana, kwa kuwa misuli hulishika lile ambalo mifupa haikulishika. Ndiyo sababu macho hayatoshi.

Picha ya eksirei ya nyonga haipigwi mbwa akiwa macho. Tulimpa Simba dawa ya usingizi mzito, tukamlaza chali kwenye kihori, miguu ya nyuma ikavutwa hadi ikanyooka sambamba na kugeuzwa ndani kidogo ili pia za magoti zielekee juu. Sentimita chache za kupinda zinatosha kuifanya nyonga nzuri ionekane mbaya au mbaya ionekane nzuri, na picha ya kwanza niliitupa kwa sababu fupanyonga lilikuwa limeinama upande. Mwalimu alisimama nje ya mlango muda wote akiwa ameshika mkanda mtupu, na alipoulizwa kama angependa kiti alisema hapana. Picha zilitumwa kwa mtaalamu wa kuzisoma. Kwa mfumo wa herufi unaoanzia A hadi E, nyonga ya kulia ilipewa A na ya kushoto B, na kwa kuwa ni upande ulio dhaifu ndio unaohesabiwa, Simba akaandikwa B, yaani karibu na kawaida. Viwiko vyote viwili vilipata sifuri, ambayo katika viwiko ndiyo alama bora.

B ni alama inayoruhusu kuzalisha. Hata hivyo niliandika kwenye ripoti maneno mawili ya tahadhari. La kwanza ni kwamba Simba alikuwa hajafikisha miezi 24, umri ambao mfumo wa Marekani unautaka kabla ya kutoa alama ya mwisho, ingawa mifumo mingine inakubali kuanzia miezi 12. La pili ni kwamba nyonga hazirithiwi kwa jeni moja kama hemofilia. Jeni nyingi zinachangia, pamoja na lishe na kasi ya kukua, kwa hiyo baba mwenye nyonga nzuri anaweza kupata watoto wabaya, na njia pekee ya kujua ni kuwapiga picha watoto wenyewe wanapokua. Dume hathibitishwi na nyonga zake. Anathibitishwa na za wanawe.

Kipimo cha jeni ndicho kilichomgusa Mwalimu kuliko vingine vyote. Tulisugua pamba ndani ya shavu la Simba na kuipeleka maabara ya nje ya nchi, hasa kwa ajili ya ugonjwa wa kuoza kwa uti wa mgongo ambao huwashika German Shepherd wakiwa wazee, kwa kawaida baada ya miaka minane. Hauna maumivu, na hiyo ndiyo sababu huchukuliwa kuwa uzee wa kawaida. Mbwa huanza kuburuta nyayo za nyuma, kisha kuyumba kiunoni, kisha hushindwa kusimama. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba mabadiliko katika jeni iitwayo SOD1 yanahusiana na ugonjwa huo, na tangu hapo kipimo kimekuwapo.

Nilipokuwa nikimweleza dalili, Mwalimu alinikatiza. Mbwa aliyekuwa naye kabla ya Simba, wa aina hiyohiyo, aliishia hivyo akiwa na miaka tisa. "Nilikuwa nikisikia kucha zake zikikwaruza saruji kabla sijamwona," alisema. "Kucha mbili za katikati zilikwisha kabisa, nikadhani ni sakafu." Hatuwezi kusema mbwa yule alikuwa na nini, kwa kuwa hakupimwa. Lakini tangu siku hiyo Mwalimu hakuuliza tena gharama ya kipimo.

Matokeo yalirudi baada ya wiki kadhaa: Simba ni mbebaji. Amepokea nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja na nakala nzima kutoka kwa mwingine. Yeye mwenyewe hatarajiwi kuugua, kwa kuwa mbwa aliye hatarini ni yule mwenye nakala mbovu mbili, na hata miongoni mwa hao si wote wanaougua. Mwalimu alidhani kwamba hapo ndipo mwisho wa habari, na alikuwa tayari kuifunga. Nililazimika kumrudisha nyuma, kwa sababu kuwaondoa wabebaji wote kwenye uzazi ni kosa jingine. Ukifanya hivyo katika kundi dogo kama letu unatupa pamoja na ile jeni moja mbaya maelfu ya jeni nzuri, na unazidi kuwarundika wote waliobaki juu ya wazee wachache walewale. Mbebaji akipandishwa kwa jike aliyepimwa na kukutwa safi, hakuna mtoto atakayekuwa na nakala mbovu mbili. Kwa wastani nusu watakuwa safi na nusu wabebaji kama baba yao. Sharti ni moja, nalo halina mlango wa nyuma: jike lazima apimwe kabla. Akiwa mbebaji naye, robo ya watoto kwa wastani watazaliwa wakiwa hatarini, na watakaowanunua watalijua hilo miaka tisa baadaye, siku wakisikia kucha kwenye saruji.

Kuhusu mbegu zenyewe, historia ya Simba ilikuwa na jambo ambalo Mwalimu hakuliona kuwa na uhusiano. Wiki tano kabla ya ombi la Thika, Simba alikuwa ameugua homa ya kupe, joto la mwili likapanda sana kwa siku kadhaa, akatibiwa kwa doksisaiklini hadi akapona. Mbegu ya mbwa dume huchukua takribani siku 62 kutengenezwa, na homa kali huharibu zile zilizo njiani. Nilipozitazama kwa hadubini, zilizoogelea kwenda mbele zilikuwa asilimia 48 tu, wakati tunatarajia angalau 70, na nyingi zilikuwa na mikia iliyojikunja. Hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa, huenda Jumamosi ile isingezaa kitu, na lawama zingemwangukia jike au mwenye dume. Nilipanga kurudia kipimo baada ya wiki kumi.

Nilipima pia Brucella canis, bakteria waliotambuliwa Marekani mwaka 1966, ambao hufanya majike kuharibu mimba katika wiki za mwisho na madume kuvimba korodani, wakaweza kumshika binadamu, na wakishaingia katika kundi la mbwa ni vigumu sana kuwatoa. Simba alikuwa salama. Lakini kipimo cha dume kinamlinda jike tu. Dume atalindwa na kipimo cha jike, na ndivyo ilivyo pia kwa uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ugonjwa wa ajabu ambao seli za saratani zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, nao ni wa kawaida mno katika mitaa yetu yenye mbwa wanaozurura.

Tabia niliipima mwenyewe, nyumbani kwao, kwa kuwa kliniki humbadilisha mbwa. Tulitembea naye hadi barabarani wakati watoto wanatoka shuleni, matatu zikipiga honi. Alitazama, akanyoosha masikio, akaendelea. Wakati tunarudi, fundi aliyekuwa akiezeka nyumba ya jirani aliangusha bati kutoka juu, likagonga kokoto kwa kishindo. Simba aliruka nyuma hadi mkanda ukakaza. Sikumhukumu kwa kuruka, maana hata mimi niliruka. Nilihesabu moyoni ili kuona atachukua muda gani kurudi katika hali yake, na kabla sijafika ishirini alikuwa amesogea mbele mwenyewe, akalinusa bati, akalikojolea ukingoni. Mbwa mwenye woga wa kuzaliwa asingerudi, na kama angekuwa wa namna hiyo ningeshauri asizalishwe hata angekuwa na nyonga za A mbili, kwa sababu watu wengi hapa hununua German Shepherd kwa ajili ya ulinzi, na mbwa mwoga mwenye nguvu ndiye anayemng'ata mtoto wa nyumbani.

Baada ya hayo tulizungumza kuhusu fedha, waziwazi, kwa kuwa pensheni ya Mwalimu si kubwa na anamlipia mjukuu karo. Eksirei na usomaji wake, kipimo cha jeni pamoja na usafirishaji, brusela na uchunguzi wa mbegu vilimgharimu shilingi 34,000. Ada moja ya Thika isingerudisha hata hizo. Anayetaka faida kutokana na dume inambidi ama ampandishe mara nyingi ama asimpime, na sioni njia ya tatu. Nilimwambia pia kwamba baadhi ya madume wakishazoea kupanda hubadilika: hukojoa kila kona, hutoroka wakinusa jike mtaani, hula kidogo. Mwalimu alikuwa amesikia kwa majirani kwamba dume asipopanda hata mara moja hatatulia na ataugua. Hilo halina msingi. Mbwa asiyewahi kupanda hajui alichokikosa, na hakuna ugonjwa unaotibiwa kwa kumpandisha.

Ushauri wangu wa maandishi ulikuwa hivi: Simba asizalishwe kabla ya kufikisha miezi 24 na kabla mbegu hazijapimwa upya, akizalishwa, iwe kwa jike aliyepimwa nyonga, brusela na jeni ya SOD1 na kukutwa safi, asiyekuwa jamaa wa karibu, aliyepumzishwa, na baada ya uzao mmoja asimame hadi watoto wapigwe picha za nyonga wakiwa na mwaka mmoja. Sharti hili la mwisho wafugaji wengi wataliona kali mno. Ninalishikilia. Dume aliyepandishwa mara kumi kabla mtoto wake wa kwanza hajafikisha mwaka amejaribiwa kwa watoto wa watu wengine.

Ombi la Thika lilikuwa limekwisha kukataliwa tangu wiki ile ya kwanza, kabla matokeo ya maabara hayajarudi: Mwalimu alimpigia simu mfugaji yule mbele yangu. Alimwita "kijana wangu", akamshukuru kwa kumheshimu mbwa wake, akamweleza kuhusu mama mdogo. Yule bwana alicheka kwa upole, akasema, "Mzee, mbwa hawana mama mdogo," kisha akapandisha ada hadi 30,000. Mwalimu akamwuliza kama angekubali jike apimwe. Jibu lilikuwa kwamba joto halingoji maabara, jambo ambalo lenyewe ni kweli, na ndiyo sababu vipimo hufanywa kabla ya joto. Waliagana vizuri. Jike yule, kwa tulivyosikia, alipandwa na dume mwingine wiki hiyohiyo.

Wiki kumi baada ya kipimo cha kwanza, mbegu za Simba zilizoogelea mbele zilikuwa asilimia 82. Alipokuwa na miezi 25 alikuja mama mmoja kutoka Nakuru, mwenye jike wa miaka minne aliyezaa mara moja tu, akiwa amebeba bahasha ya vipimo vyote kabla hatujaomba. Vyeti viliwekwa mezani, kalamu ya risasi ikapita vizazi vyote bila kusimama. Makubaliano yaliandikwa kwa kurasa mbili: ada italipwa mimba ikithibitishwa na si siku ya kupandisha, jike asiposhika mimba, kurudia ni bure, watoto wote wataandikishwa, hakuna atakayeuzwa kabla ya wiki nane, na kila mnunuzi atatia saini kwamba atakubali mbwa apigwe picha ya nyonga akifikisha mwaka, gharama igawanywe kati ya mwenye dume na mwenye jike. Kipengele hicho kilimla Mwalimu sehemu kubwa ya ada yake, na ni yeye aliyekipendekeza.

Hatukuhesabu siku kwa vidole. Majike hutofautiana, wengine huachilia mayai siku ya saba na wengine baada ya siku ya ishirini, kwa hiyo tulipima projesteroni, homoni inayopanda mayai yanapokaribia kuachiliwa, kwenye damu kila baada ya siku mbili hadi ikapita nanogramu 5 kwa mililita, tukasubiri siku mbili mayai yakomae, ndipo jike akaletwa Limuru, kwa kuwa ni desturi ya jike kumfuata dume na si kinyume chake. Walishikana kwa dakika kumi na nane. Mwalimu alikuwa amepiga goti kwenye nyasi akiwa ameshika kichwa cha Simba ili asivute, na mama wa Nakuru ameshika cha jike, nao wakawa wanazungumza kuhusu mvua.

Kipimo cha mawimbi ya sauti cha siku ya 30 kilionyesha mimba, ingawa idadi ya watoto haihesabiki kwa uhakika kwa njia hiyo na itangoja eksirei ya wiki ya mwisho. Nilipompelekea Mwalimu habari hizo nilimkuta barazani na daftari jipya la jalada gumu, la aina ileile aliyokuwa akitumia kuita mahudhurio. Alikuwa amekwisha kuchora mistari kumi, kwa sababu hajui watakuwa wangapi, na safu za jina, jinsia, mnunuzi, simu, SOD1, nyonga ya kulia, nyonga ya kushoto. Safu ya mwisho aliiacha pana kuliko zote, akaiandika "Maelezo", na Simba alikuwa amelala chini ya kiti chake, kidevu juu ya kiatu.